Hadithi za Dada Fidelma, na Jinsi Watu wa Kale Walivyotafuta Kweli

Mwaka 664 tauni iliingia katika visiwa vya Uingereza na Ayalandi, ikaua watu wengi. Katika mwaka huo huo alikufa Deusdedit, Askofu Mkuu wa Canterbury. Basi wafalme wawili, Egbert wa Kent na Oswiu wa Northumbria, walishauriana, wakamchagua padre mmoja jina lake Wighard, wakampeleka Roma apate kuwekwa wakfu badala ya yule aliyekufa. Wighard alifika salama, lakini kabla ya kuwekwa wakfu tauni ilimpata huko huko, akafa pamoja na karibu wenziwe wote. Habari hizi twazipata kwa Bede, mtawa wa Jarrow, aliyemaliza kitabu chake cha historia ya Kanisa la Waingereza mwaka 731. Bede aendelea kusema ya kuwa Papa Vitalian alitaka kumpa daraja ile Hadrian, abate wa monasteri moja karibu na Napoli, mtu wa asili ya Afrika. Naye Hadrian alikataa, na mwisho akamleta mbele Theodore wa Tarso, akaanza safari pamoja naye kwenda Canterbury, akawa mwalimu mkubwa wa shule ya huko.

Mwaka 1995 kilitoka kitabu cha Kiingereza kiitwacho "Shroud for the Archbishop", yaani Sanda ya Askofu Mkuu. Katika kitabu hicho Wighard hafi kwa tauni. Aonekana chumbani mwake katika jumba la Laterano amenyongwa, na mtawa mmoja wa Ayalandi ashitakiwa kwa kumwua. Msomaji aliyekwisha kusoma Bede atashtuka, akauliza: Je, ni halali mtunzi kuchukua kifo cha mtu aliyeishi kweli, akakigeuza kuwa mauaji, ili watu wapate kuburudika? Swali hili si dogo kwetu sisi tunaofundisha vijana kuwa kweli ni kitu kitakatifu. Nami nataka kulijibu, maana hadithi za namna hii zasomwa sana, na yumkini siku moja kijana wa nchi yetu atajaribu kuandika moja yake juu ya wazee wetu wenyewe. Heri tujue mapema lipi jema na lipi baya ndani yake.

Kwanza nimtaje mtunzi. Peter Tremayne ni jina la kalamu tu. Mwenyewe ni Peter Berresford Ellis, aliyezaliwa Coventry mwaka 1943, mtu aliyeandika vitabu vingi vya historia ya Wakelti kabla ya kuanza hadithi hizi. Dada Fidelma alitokea kwanza mwaka 1993 katika hadithi fupi, na mwaka 1994 ikatoka riwaya ya kwanza, "Absolution by Murder". Tangu hapo vitabu vyake vimepita 30. Fidelma ni binti wa ukoo wa wafalme wa Muman, kusini mwa Ayalandi, ambao makao yao yalikuwa Cashel. Ni mtawa, lakini zaidi ya hayo ni wakili aliyesomea sheria za nchi yake, mwenye ruhusa ya kuuliza watu wa daraja zote, hata wafalme. Mwenziwe ni Eadulf, mtawa wa Kisaksoni, aliyefuata desturi za Roma. Hao wawili husafiri pamoja, hubishana, na mwisho huoana. Jambo hili la ndoa lisimchukize padre asomaye upesi mno, kwa maana katika karne ya saba sheria ya useja wa makasisi haikushikwa mahali pote kama ilivyokuja kushikwa baadaye, na monasteri za wanaume na wanawake chini ya mama mkuu mmoja zilikuwako kweli, kama ile ya Kildare, na ile ya Whitby aliyoitawala Hild.

Riwaya ya kwanza ndiyo iliyo bora kuonyesha kazi yake. Mahali ni Whitby, mwaka 664, palipokusanyika sinodi mbele ya Mfalme Oswiu kuamua Pasaka ihesabiwe kwa njia gani, na watawa wanyoe nywele kwa namna gani. Wilfrid alisema kwa upande wa Roma. Askofu Colmán alisema kwa upande wa watawa wa Iona. Hayo yote ni kweli, yamo katika Bede. Tremayne aongeza mtu mmoja wa kubuni, Étain, mama mkuu wa Kildare, ambaye angekuwa msemaji wa upande wa Ayalandi, naye auawa kabla hajafungua kinywa. Killa upande wautuhumu mwingine, na vita yakaribia. Kwa hiyo Oswiu awaamuru Fidelma na Eadulf wafanye uchunguzi pamoja, mmoja wa huku na mmoja wa huku, ili kusiwe na neno la upendeleo.

Twaona hapa ustadi wa mtunzi. Amechagua saa ambayo watu wa imani moja walishindana juu ya desturi, kila mmoja akidhani desturi yake ndiyo imani yenyewe. Mwalimu yeyote aliyefanya kazi katika nchi ambamo misheni mbili zilipakana ajua hali hiyo; ameona watoto wa mama mmoja wakibishana kwa sababu huyu alibatizwa upande huu na yule upande ule. Kisha mtunzi ameweka maiti katikati, na maiti yawalazimisha watu kuacha kubishana juu ya nywele, wakaulizana habari za jana usiku: ulikuwa wapi, ulimwona nani, nani asema kweli. Hiyo ndiyo faida ya hadithi ya upelelezi. Huwashusha wakubwa kutoka katika maneno makubwa, ikawarudisha katika maneno madogo yanayoweza kushuhudiwa.

Sasa nirudi kwenye swali la Wighard. Nadhani mtunzi hana kosa kwa kumnyonga mtu ambaye Bede asema alikufa kwa tauni, maadamu msomaji ajua kwamba asoma hadithi, na maadamu mtunzi haligeuzi jina la marehemu kuwa jina baya bila sababu. Kosa la kweli ni jingine, nalo ni gumu zaidi kuonekana. Ni kuchukua watu wa kale, kuwavika nguo za kale, kuwalisha vyakula vya kale, kisha kuwapa akili za watu wa leo. Kuzua kifo ni jambo linaloonekana na kila mtu. Kuzua moyo wa watu wa kale ni uwongo usioonekana. Kwa kipimo hiki hadithi za Tremayne zafaulu nusu, na nusu zashindwa. Yafaa tuone zote mbili.

Zafaulu katika sheria. Vitabu vya sheria za kale za Ayalandi viliandikwa katika karne ya saba na ya nane, nasi twavisoma katika miswada iliyonakiliwa karne nyingi baadaye. Sheria hizo zamjua shahidi, kiapo, mdhamini, na daraja za watu. Msingi wake haukuwa kumwua mwuaji, bali kuwalipa ndugu za aliyeuawa. Fidia ya mtu huru aliyeuawa ilikuwa cumal saba, na cumal moja kwa kawaida ilihesabiwa kuwa ng'ombe watatu wa maziwa. Yaani ng'ombe 21. Zaidi ya hiyo yalikuwako malipo ya heshima, ambayo jina lake katika lugha yao lina maana ya "bei ya uso". Mtu aliyetukanwa, au mgeni wake akapigwa, uso wake umevunjika, nao huponywa kwa mali. Mswahili asemaye kwamba uso umeumbwa na haya hahitaji kufafanuliwa neno hili. Tena ilikuwako desturi ya mdai mnyonge kwenda kukaa mbele ya mlango wa mdaiwa mkubwa, akafunga asile; na mkubwa akiendelea kula bila kujali, hupotewa na heshima. Katika mambo hayo Tremayne yu mwalimu mwema. Hadithi yake haiwezi kuhamishwa ikapelekwa mahali pengine, kwa maana fumbo lenyewe mara nyingi hufunguliwa na sheria ya mahali pale: nani angepata faida kwa kifo hiki, nani angelipa, nani hakuruhusiwa kushuhudia.

Mtu wa nyanda za kati za Tanzania, akiyasoma haya, hajioni mgeni. Naye atoka katika nchi ambamo ng'ombe si nyama na maziwa tu. Ni mahari, ni urafiki, ni ukumbusho wa deni. Mgogo mwenye mifugo mingi hakuiweka yote katika zizi moja. Aliwapa rafiki na jamaa wa mbali wamtunzie baadhi, ili ukame au maradhi yakipiga huku, huko wasalie. Na mtunzaji akanywa maziwa. Katika Ayalandi vile vile bwana alimpa mtu ng'ombe, na mtu yule akawa wake kwa huduma na kodi. Fikirini, basi, mashauri mangapi yaweza kuzaliwa katika desturi kama hizi: ng'ombe ni wa nani, ndama ni wa nani, nani ajuaye, na ajuaye akifa ghafula itakuwaje! Hapa pana fumbo lisilohitaji kuazimwa kwa mtu.

Lakini zashindwa mahali patatu.

Pa kwanza ni habari ya wanawake. Mtunzi ataka tuamini kwamba mwanamke katika Ayalandi ya karne ya saba angeweza kuwa wakili akizunguka nchi nzima na kuwahoji wafalme. Walikuwako akina mama wakuu wa monasteri wenye nguvu nyingi, hapana shaka. Tena ndani ya sheria zenyewe kuna hadithi ya mwamuzi Sencha, aliyetoa hukumu isiyo ya haki juu ya wanawake, mabaka yakamtoka mashavuni, na Bríg, mwanamke, akatoa hukumu iliyo sawa, mabaka yakaondoka. Lakini sheria ile ile, mtu akiisoma yote, humweka mwanamke chini ya baba, mume, au mwana, wala haikubali ushahidi wake ila katika mambo machache. Hata neno lile cumal asili yake ni mjakazi. Watu walihesabu ng'ombe kwa jina la mwanamke mtumwa. Riwaya hizi zahesabu ng'ombe mara nyingi. Mjakazi mwenyewe hawekwi katikati ya hadithi. Mtunzi apendaye watu wake amewatengenezea jana iliyo safi kupita kiasi.

Pa pili ni habari ya Kanisa. Katika vitabu hivi Ayalandi ni nuru na huruma, na ukali hutoka Roma. Hasa vile vitabu vya kitubio, vilivyopanga adhabu kwa kila dhambi, huonyeshwa kama kitu kigeni kilichokuja kuharibu sheria njema ya zamani. Lakini wataalamu wajua ya kuwa vitabu vya kitubio vilikua kwanza miongoni mwa Wakelti wenyewe. Cha Finnian ni cha karne ya sita, na watawa wa Ayalandi ndio waliovieneza Ulaya. Tena watu wa kusini mwa Ayalandi walikwisha kuikubali hesabu ya Pasaka ya Roma katika miaka ya 630, karibu miaka 30 kabla ya sinodi ya Whitby. Naye Fidelma ni mtu wa kusini! Kwa haki angaliketi upande wa Wilfrid. Kadhalika mtunzi husimulia katika dibaji zake kwamba sheria ziliandikwa mwaka 438 kwa amri ya Mfalme Lóegaire, Patrick akiwapo. Na hii ni hadithi waliyoitunga waandishi wa sheria baadaye, ili kuipa kazi yao baraka ya mtakatifu. Mkusanyo ule mkubwa wa sheria ulikusanywa karibu na mwaka 700, Fidelma angalipokuwa bibi kizee.

Sisemi haya ili kumtetea askofu fulani wa zamani. Nasema kwa kuwa njia hii ya kugawanya, mila zote upande wa wema na dini mpya upande wa ubaya, ni njia rahisi, nayo imekwisha kuingia katika maandiko ya watu wetu, kama vile hapo awali iliingia njia ya kinyume, dini yote nuru na mila zote giza. Zote mbili zamfanya mwandishi asiwe na haja ya kuchungua. Watu waliopokea Injili katika Ayalandi ndio wale wale waliozitunza sheria za wazee wao kwa maandishi. Kalamu iliyoandika Zaburi ndiyo iliyoandika fidia ya ng'ombe. Jambo hilo ni la ajabu kuliko ugomvi, lakini halileti mashaka ya kutosha kwa riwaya, basi mtunzi ameliacha.

Pa tatu ndipo penye uzito zaidi, nami sikupaona mimi mwenyewe, bali nilionyeshwa. Jioni moja huko Ihumwa nilimsimulia mzee mmoja habari ya Whitby, tangu kifo cha Étain mpaka mwuaji alipojulikana. Alinisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Mwalimu, nimekusikia. Lakini huyo mama aliwauliza walio hai tu. Marehemu je, hakuulizwa?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, marehemu aulizwaje?"

"Ndilo neno lenyewe. Nyumbani mwenye msiba hawalali mpaka wajue. Na wakitaka kujua, watakwenda kwa ajuaye kuuliza."

"Na huyo akimtaja asiyefanya?"

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi hapo nyumba mbili zitalia."

Swali la mzee ni swali la mhakiki. Watu wa Ayalandi ya kale nao walikuwa na njia zao za kuwauliza wasioonekana. Sheria zao zataja kupiga kura ili kumjua mkosaji, na kutia mkono katika chungu cha maji ya moto ili Mungu aonyeshe kweli. Wasia wa Morann, maandiko ya karibu na mwaka 700, wafundisha kwamba mfalme akihukumu kwa haki, nchi huzaa, ng'ombe hutoa maziwa, na watu hukaa salama. Akidhulumu, yote huharibika. Mgogo hashangai: mtemi wake ndiye aliyetazamiwa kuleta mvua, na mvua ilipokosekana macho yote yalimgeukia yeye. Kwa watu kama hao mauaji yasiyojulikana si fumbo la akili tu. Ni uchafu katika nchi, na nchi yaweza kukauka kwa ajili yake. Fidelma haogopi hayo. Huyacheka kwa utaratibu, kama afanyavyo mtu aliyesoma chuoni jana. Kwa hiyo, ingawa kanzu yake ni ya karne ya saba na sheria zake ni za karne ya nane, hofu zake ni za karne ya ishirini. Na mtu asiyeshiriki hofu ya watu wake si mtu wa watu wale. Ni mgeni aliyekuja kuwazuru.

Hapa yafaa nimlete mwandishi wa kwetu, maana alilikuta jambo hili hili akalitatua kwa njia nyingine. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 kwa riwaya yake "Mzimu wa Watu wa Kale", iliyochapishwa mwaka 1960. Tajiri auawa, na maiti yake yaonekana mahali pa mzimu, mahali watu wanapopaogopa na kupaheshimu. Wengi waona mkono wa wazee waliokufa. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, ndugu wa mbali wa Sherlock Holmes, hakubali. Afuata nyayo za walio hai mpaka ampata mtu. Bwana Msa hakuwekwa katika zamani za kale. Aishi katika siku za mtunzi wake, katika mji wenye polisi na magazeti, ambamo mtu asiyeamini mizimu na mtu aiaminiye hukaa baraza moja wakinywa kahawa. Ndiyo sababu kutoamini kwake si kosa la uandishi. Watu wa kale wamo katika kitabu, lakini wamo kwa haki yao: katika hofu ya walio hai, si katika mavazi ya kuazima. Kwa upande huu riwaya ya Unguja yamshinda Tremayne, ingawa haikudai hata kidogo kuwa riwaya ya historia.

Yuko atakayeuliza, hasara gani, maadamu wote wawili wafundisha kwamba mwuaji ni mtu wala si mzimu? Nami nakubali ya kuwa fundisho hilo ni kubwa, tena katika nchi yetu si la mchezo. Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria juu ya uchawi mwaka 1928. Na bado, miaka mingi baada ya hapo, hasa katika mikoa ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu kwa moshi wa jikoni na mtu fulani aliwataja. Hizo ndizo nyumba mbili alizozisema mzee. Kijana aliyesoma hadithi kumi za upelelezi, akazoea kuuliza "nani aliona, na alisimama wapi?", atakuwa mzito kidogo kuinua jiwe. Kwa ajili hii peke yake ningependa vitabu vya Bwana Msa, na hata vya Fidelma, viwemo katika makabati ya shule zetu.

Lakini hasara ipo. Tukiwaonyesha wazee kuwa ni watu wa hofu tu, waliokombolewa na mpelelezi mwenye akili, twawadhulumu, na vijana hawatatuamini. Maana katika baraza za wazee ushahidi uliulizwa. Palikuwa na kuitana, kusikiliza pande mbili, kumkatiza mwongo kwa kumkumbusha alilosema mwanzo, kumtafuta mtu aliyekuwapo siku ng'ombe alipotolewa. Njia ile ya kuuliza walio hai na njia ile ya kuuliza wasioonekana zilikaa pamoja katika nchi moja, pengine katika kichwa cha mzee mmoja. Mtunzi atakayeweza kuonyesha hayo mawili yakishindana ndani ya mtu mmoja, mtu mwenye haki, mwenye hofu ya kweli, atakuwa ameandika riwaya ambayo Tremayne hakuiandika.

Wala vifaa havikosekani. Ihumwa yenyewe, mashariki ya mji wa Dodoma, ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917, wakati njaa kubwa iliyoitwa Mtunya ilipokuwa ikianza kuimaliza Ugogo. Watu wamkumbuka kwa mashairi na ngonjera. Lakini alikuwa pia mwalimu, karani, na baadaye hakimu, na mwaka 1954 alitoa kitabu "Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika". Mtu aliyeketi penye hukumu, akiisikiliza sheria ya serikali kwa sikio moja na mila ya watu wake kwa sikio la pili, kisha akaandika kwa Kiswahili habari za koo na desturi: je, si yeye aliye karibu zaidi na Fidelma kuliko mtu yeyote wa kubuni? Tena Ugogo ilikuwa njia ya misafara iendayo Tabora na Ujiji. Watemi walitoza hongo, wapagazi walikufa njiani, watumwa walipitishwa. Nani alikufa kisimani, na kwa mkono wa nani, ni maswali yaliyoulizwa kweli katika nchi hii. Atakayeyaandika asiwafanye wazee malaika, kama Tremayne alivyowafanya wake. Mjakazi wa msafara naye awe na jina.

Nina ombi moja kwa walimu na makasisi wenzangu. Mara nyingi tukiandika mila twaandika hukumu: kosa fulani, ng'ombe kadha wa kadha. Hiyo ni bei tu. Tuandike pia njia: nani aliitwa, nani alikataa kuja, shahidi aliulizwa nini, kiapo kilikuwa cha namna gani, na kwa neno lipi baraza lilijua kwamba limepata kweli. Tuandike hata shauri lililoharibika, asiye na hatia akalipa. Wataalamu wa Ayalandi waweza kumsahihisha Tremayne kwa sababu watu wa kale wa huko waliandika mambo hayo. Huku kwetu, tangu mwaka 2019 majengo ya Mji wa Serikali yameinuka Mtumba, jirani na Ihumwa. Mashamba yamepimwa viwanja, na wazee wanaojua jinsi shauri lilivyosikilizwa wapungua kila mwaka. Mtunzi wa kesho akikosea juu yao, atakayemsahihisha atatumia daftari gani?